Kanuni za Anga Hazijaahidi Kutuambia ya Kesho

Wavuvi wa omena (dagaa) wa Dunga, Usenge na Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, hufanya kazi kwa kalenda ya mwezi. Omena hufuata mwangaza, na taa zinazoelea majini huwavuta vizuri tu anga likiwa giza. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, mbalamwezi huzishinda taa, nyavu hukunjwa na watu hupumzika kwa siku kadhaa. Hakuna anayebishania tarehe. Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni wastani wa siku 29 na nusu, na mtu akitaka kujua usiku wa giza wa mwaka 2090 anaweza kuukokotoa leo. Lakini mvuvi huyo huyo, ndani ya mashua hiyo hiyo, katika usiku alioujua tangu mwaka jana kwamba utakuwa wa giza, hajui kama saa tisa upepo utageuka na radi zimkute katikati ya ziwa.

Mwezi na dhoruba vinatii fizikia ile ile. Hakuna kanuni za juu na nyingine za chini. Hata hivyo tumezoea kuamini kwamba chenye kanuni hutabirika, na kwamba kisichotabirika lazima kiwe na mkono wa bahati, wa mchawi, au wa Mungu aliyekasirika. Imani hiyo si sahihi, na huku kwetu ziwani gharama yake ni maisha ya watu. Ndiyo maana naiandikia.

Wazo la ulimwengu kama mashine lina miaka 400 na ushei. Mwaka 1605 mtaalamu wa nyota Johannes Kepler alimwandikia rafiki yake kwamba nia yake ni kuonyesha kuwa mitambo ya mbinguni inafanana na saa kuliko inavyofanana na kiumbe chenye roho. Isaac Newton akalipa wazo hilo misuli mwaka 1687, alipochapisha kanuni za mwendo na za uvutano: nguvu inayoangusha embe shambani ndiyo hiyo hiyo inayoushika mwezi usitoroke. Tangu hapo mbingu na ardhi vikawa na sheria moja. Sidhani kuna jambo kubwa kuliko hilo ambalo akili ya binadamu imewahi kuligundua, na bado hunisisimua kila ninapolifikiria.

Ila Newton mwenyewe hakuamini kwamba mashine hiyo inajiendesha. Aliona kwamba sayari zinavutana pia zenyewe kwa zenyewe, na akahofu kwamba mivutano hiyo midogo ingelimbikizana hadi mpango mzima uvurugike, isipokuwa Muumba aurekebishe. Mwanafalsafa wa Ujerumani, Gottfried Leibniz, alimpinga vikali mwaka 1715: Mungu anayelazimika kuitengeneza saa yake kila baada ya muda ni fundi wa namna gani? Ugomvi huo ulikuwa wa dini kadiri ulivyokuwa wa hesabu, na tusidhani kwamba umekwisha. Utausikia leo katika ibada yoyote ya mazishi ya mtu aliyezama.

Ushindi mkubwa wa wazo la saa ulikuja kwa nyotamkia. Mwingereza Edmond Halley, mtaalamu wa nyota, alikuwa ameona kwamba nyotamkia za 1531, 1607 na 1682 zilipita karibu njia moja, akasema ni moja tu na itarudi mwishoni mwa 1758. Alifariki 1742 bila kuiona. Ulipokaribia mwaka huo, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na Nicole-Reine Lepaute walikaa kwa miezi wakikokotoa kwa mkono jinsi sayari kubwa zitakavyoichelewesha. Jibu lao: Jupita itaichelewesha siku 518, Zohali siku 100, na itafika karibu kabisa na jua katikati ya Aprili 1759, ikizidi au kupungua mwezi mmoja. Ilifika tarehe 13 Machi. Wengi husimulia kisa hiki kwa sababu utabiri ulitimia. Mimi hupenda zaidi kile kipande cha mwezi mmoja. Watu watatu waliokuwa na kanuni kamili za Newton mezani, na hesabu iliyowamaliza nguvu, hawakuona aibu kutaja kosa lao linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Mipaka waliyoitaja ndiyo iliyoufanya utabiri wao ufae kitu.

Kisha mwaka 1846 Urbain Le Verrier alitumia mwendo usioeleweka wa sayari ya Uranus kuonyesha palipo na sayari isiyojulikana, na Johann Galle kule Berlin akaikuta Neptune chini ya digrii moja kutoka mahali alipoambiwa. Baada ya hapo nani angethubutu kusema kwamba ulimwengu si saa?

Katikati ya ushindi huo anasimama Mfaransa Pierre-Simon Laplace, na hapa nataka tukae kidogo kwa sababu mtu huyu amesomwa nusu nusu. Mwaka 1814 aliandika kuhusu akili moja kubwa ya kufikirika: akili inayojua kwa wakati mmoja nguvu zote za maumbile na mahali pa kila kitu kilichomo, na yenye uwezo wa kuyachambua yote hayo. Kwa akili hiyo, alisema, hakuna kitu kingekuwa na shaka, na wakati ujao ungekuwa wazi mbele yake sawa na wakati uliopita. Hiyo ndiyo nusu inayotajwa kila mahali, katika madarasa ya falsafa na katika mahubiri ya wanaopinga sayansi, kama tangazo la kiburi cha wanasayansi.

Nusu ya pili ni mahali alipoyaandika maneno hayo. Yako mwanzoni mwa kitabu kuhusu uwezekano. Laplace aliileta akili ile isiyo na mipaka ili atuonyeshe umbali wetu nayo, umbali ambao alisema hautakwisha kamwe, kisha akatumia kurasa zote zilizobaki kueleza namna ya kufikiri vizuri kwa watu ambao hawatawahi kuwa na akili ya aina hiyo. Yeye mwenyewe alifanya hivyo. Alipokadiria uzito wa Zohali kuwa sehemu moja kati ya 3,512 ya uzito wa jua, hakusema ndiyo ukweli wenyewe. Alisema angeweka dau la 11,000 kwa 1 kwamba kosa halifikii asilimia 1. Vipimo vya siku hizi vinasema sehemu moja kati ya takriban 3,498. Dau lake lingelipwa.

Kwa hiyo mtu tunayemlaumu kwa kuufanya ulimwengu kuwa mashine ndiye huyo huyo aliyetufundisha kwamba, kwa viumbe kama sisi, njia ya kuzifikia kanuni za ulimwengu ni asilimia. Aliona mambo hayo mawili yanaenda pamoja. Sisi tumeyatenganisha, tukabaki na saa bila dau.

Mwishoni mwa karne hiyo ya 19 ikaonekana kwamba umbali ule una sababu ya ndani zaidi kuliko uchache wa maarifa yetu. Mwanahesabu Mfaransa Henri Poincaré alishiriki shindano la hesabu kwa heshima ya Mfalme Oscar wa Pili wa Uswidi, akashinda, kisha akagundua kosa ndani ya kazi yake iliyokwisha chapishwa. Ilibidi alipie mwenyewe uchapishaji mpya, kwa pesa zilizozidi zawadi aliyopewa. Alichokikuta alipolirekebisha kosa hilo ni kwamba miili mitatu tu inayovutana, kwa kanuni za Newton zisizo na dosari, inaweza kwenda kwa njia zilizosokotana kiasi kwamba tofauti ndogo kabisa mwanzoni huzaa tofauti kubwa mno mwishoni. Mwaka 1961 Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa kule Marekani, alikutana na jambo hilo kwenye kompyuta. Alitaka kurudia hesabu yake, akaandika 0.506 badala ya 0.506127. Baada ya muda hali ya hewa ndani ya kompyuta ilikuwa nyingine kabisa. Hakukuwa na bahati wala mkono wa mtu; kila hatua ilifuata kanuni. Tarakimu tatu zilizoachwa zilitosha.

Hata sayari haziko salama na jambo hili, ila zenyewe huchukua muda. Mtaalamu wa nyota Mfaransa, Jacques Laskar, alionyesha mwaka 1989 kwamba ukikosea mahali ilipo dunia kwa mita 15 leo, baada ya miaka milioni 10 kosa litakuwa mita 150 tu, lakini baada ya miaka milioni 100 litakuwa kilomita milioni 150, yaani umbali wote kati yetu na jua. Fizikia ya chembe ndogo, tangu mwanafizikia Heisenberg mwaka 1927, imeongeza mpaka mwingine wa kile kinachoweza kupimwa, lakini kwa mambo ya ziwa letu hatuhitaji kwenda huko. Swali linalotuhusu ni hili: kosa la leo linachukua muda gani kumeza jibu? Kwa mpangilio wa sayari, mamilioni ya miaka. Kwa hali ya hewa ya eneo pana, wiki mbili hivi. Kwa dhoruba moja ya radi, masaa.

Tazama dhoruba ya ziwa inavyozaliwa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo huvuma kutoka ziwani kwenda bara. Ukifika miinuko ya Nandi na Kericho hukutana na pepo za mashariki, hewa yenye unyevu husukumwa juu, na alasiri mvua ya radi hupiga, mara nyingi ikiwa ya mawe, kama wakulima wa majani chai wanavyojua kwa uchungu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu hupoa, maji hubaki na joto lake, upepo hushuka kutoka pande zote kuelekea ziwani, na hewa inapokutana katikati haina pa kwenda ila juu. Ndiyo sababu dhoruba za ziwani hupenda saa za baada ya usiku wa manane hadi alfajiri, wakati taa za omena ziko majini. Tunajua sababu. Tunajua saa zake. Mtabiri anaweza kusema jioni kwamba usiku huu hatari ni kubwa upande wa magharibi wa ziwa. Kusema kwamba itapiga kwenye mashua fulani saa tisa na robo, hawezi, na hatakuja kuweza kwa jioni ile, hata akipewa kompyuta mara elfu ya alizonazo leo.

Novemba 2013 mambo haya mawili yalikutana mbele ya macho yetu Wakenya. Kupatwa kwa jua kwa tarehe 3 kulijulikana kwa sekunde, na njia ya kivuli ilichorwa miaka mingi kabla, ikipita Turkana jioni. Watu walisafiri mbali kwenda kuliona. Wengi waliofika upande wa Sibiloi walikutana na mawingu na upepo wa mchanga dakika za mwisho. Jua lilipatwa kwa wakati wake, nyuma ya pazia ambalo hakuna kalenda iliyolitaja.

Mtu aliyefundishwa kwamba sayansi ni kama ile kalenda ya jua atalikasirikia lile wingu na kusema wataalamu hawajui kitu. Hasira hiyo naisikia sana hapa Kisumu. Idara ya Hali ya Hewa ikisema kuna uwezekano wa asilimia 60 wa mvua kuzidi kawaida, na isizidi, wanaitwa waongo. Ikizidi, hakuna anayewakumbuka. Lakini asilimia 60 maana yake ni kwamba katika misimu kumi ya aina hiyo, minne haitazidi. Mtabiri anayesema 60 na kila mara ikatokea, huyo ndiye mwenye kasoro. Angepaswa kusema 100.

Tukumbuke mwaka 2023. Kuanzia Agosti nchi iliambiwa na wataalamu kwamba El Niño, yaani joto la maji lililozidi kawaida, imejengeka katika Bahari ya Pasifiki na kwamba mvua za vuli zina uwezekano mkubwa wa kuzidi. Oktoba, kutoka ngazi ya juu kabisa ya serikali, wananchi wakaambiwa kwamba mvua haitafika kiwango cha kuharibu. Novemba mafuriko yakaja, na zaidi ya watu 100 wakafa nchini. Katika mvua za masika za 2024, zaidi ya 200. Sitaki kusema kwamba kila kifo kilitokana na tangazo moja. Nyumba zilikuwa tayari kwenye mkondo wa maji. Ninachosema ni kwamba uwezekano uligeuzwa kuwa ahadi, na familia zilizokuwa zikifunga mizigo Nyando, kwenye nyanda za Kano, zilipewa sababu ya kuifungua. Aliyefanya hivyo alidhani watu wanahitaji jibu la ndiyo au la. Watu wa Kano hawajawahi kuishi kwa majibu ya ndiyo au la.

Ushahidi wangu uko Bunyore, kilomita chache kutoka pale ambapo mstari wa ikweta unapita Maseno. Ukoo wa Nganyi umejulikana kwa vizazi kuwa wa waleta mvua. Wazee wao huangalia miti inavyochanua, wadudu wanavyotembea, ndege wanavyoimba, upepo unavyogeuka, na wana vichaka vitakatifu ambavyo miti yake haikatwi. Tangu mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, wazee hao wamekuwa wakikaa na wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa kabla ya msimu, kila upande ukileta dalili zake, kisha wanakubaliana utabiri mmoja wa kupelekewa wakulima. Wapo wanaodharau mpango huo kutoka pande zote: mwenye digrii huona ni ushirikina, mwenye wokovu huona ni uchawi. Mimi naona wote wawili wamekosa kutazama kazi yenyewe. Mzee anayesoma maua ya miti anatumia kanuni ile ile ya kompyuta: hali ya sasa ina habari kuhusu ijayo, lakini si zote. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, na kila aliyewahi kuanika mahindi anajua kwamba mawingu mengine hupita.

Sijasema kwamba njia hizo mbili zina uzito sawa. Miti ya Bunyore haijui joto la Pasifiki, na setilaiti inajua. Hali ya hewa inapobadilika haraka, dalili za zamani zinaweza kupotea, na wazee wenyewe wameliona hilo. Ila wana kitu ambacho ofisi imekosa: mkulima wa Emuhaya akisikia neno lao huchukua jembe. Utabiri usiochukuliwa na mtu yeyote hauna faida kwa yeyote, hata uwe na hesabu nzuri namna gani.

Kuna pingamizi moja ambalo siwezi kulipita haraka, kwa sababu wanaolisema ni watu ninaowaheshimu. Huku kwetu, mtu akifa ziwani, mama mzee atasema siku yake ilikuwa imefika. Kwake, yote yamekwisha andikwa, na kuhesabu uwezekano ni kumchungulia Mungu. Ukitazama vizuri, huyo ni Laplace wa nusu ya kwanza aliyevaa vazi la ibada: akili moja inajua yote, mustakabali uko wazi mbele yake. Sina ugomvi na sehemu hiyo. Huenda ni kweli. Lakini kujua kwa Mungu hakujawahi kuwa kujua kwetu, na mama huyo huyo, akiona mawingu meusi upande wa Nandi, huingiza mahindi ndani. Hangoji kujua kilichoandikwa. Anaishi kwa dalili, na anaishi vizuri. Ombi langu kwake ni kwamba mwanawe naye aruhusiwe kuishi hivyo usiku ziwani, asimame nchi kavu siku ya onyo bila kuchekwa pwani kwamba ni mwoga.

Na hili linaweza kufanyiwa hesabu. Tuseme familia moja ya Budalangi, karibu na kuta za udongo za mto Nzoia, ina ng'ombe wa Sh60,000, na kumhamishia kwa ndugu aliye juu kilimani na kumlisha huko kunagharimu Sh2,000. Onyo linasema uwezekano wa mafuriko ni asilimia 10 tu. Wengi watabaki, kwa kuwa asilimia 90 iko upande wao. Lakini ukihama kila unapopata onyo la aina hiyo, kwa maonyo kumi umetumia Sh20,000 na umemwokoa ng'ombe wa Sh60,000. Mara tisa utahama bure, majirani watakucheka, na hesabu bado itakuwa upande wako. Anayesubiri hakika atasubiri hadi maji yafike mlangoni. Na Nzoia humpa mtu nafasi ambayo dhoruba haimpi, maana mvua inayonyesha Cherangani na Mlima Elgon huchukua muda kushuka hadi Busia, na mto unaweza kupimwa njiani.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoshika maikrofoni, katika vituo vya redio vya Kidholuo, Kiluhya na Kiswahili: mnaposoma utabiri wa hali ya hewa, someni namba. Msiseme mvua itanyesha au haitanyesha. Semeni ni nafasi ngapi katika kumi, ni upande gani wa ziwa, na ni kati ya saa ngapi na saa ngapi. Idara ikiwapa namba bila maeneo, wapigieni simu muulize. Kiongozi akija studio kuwaambia wasikilizaji kwamba hakuna mafuriko, mwulizeni hewani uwezekano ni asilimia ngapi, na nani aliyemkokotolea.